Pampu ya maji niliyoigeuza kufua umeme: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka: inafanya kazi, ila uangalie kijito chako kwanza kabla ya kuangalia pampu.

Yangu ni pampu ya kawaida inayoendeshwa na mota ya fezi tatu. Maji yanashuka kwa bomba, yanaingilia pale ambapo kwa kawaida yangetokea, yanazungusha feni ya ndani kinyumenyume, na mota inageuka jenereta. Beringi na sili ni zilezile za pampu, kwa hiyo spea hazinisumbui.

Kichwa kinauma kwenye kuchagua. Namba za kwenye kibao cha pampu zinahusu kusukuma maji. Ukiizungusha kinyume kwa kasi ileile, itataka anguko (kimo ambacho maji yanashuka) kubwa zaidi na maji mengi zaidi, kwa sababu nguvu inayopotea humo ndani sasa inatolewa na maji yenyewe. Mimi nina lita 10 kwa sekunde na anguko la mita 20, msuguano wa bomba ukishatolewa. Kihesabu hizo ni karibu wati 1,960. Zinazofika kwenye taa ni kama nusu. Kwangu zinatosha kabisa.

Kagua pia feni imefungwaje. Iliyokazwa kwa nyuzi za skrubu tu kwenye shafti inaweza kujifungua ikizunguka kinyume.

Bila kapasita (vifaa vya kutunza chaji ya umeme, vinavyounganishwa kwenye nyaya za mota) mota haitoi kitu. Tena ikikaa sana bila kazi, usumaku wake huisha: inazunguka vizuri, volti sifuri! Yangu ilipofanya hivyo, niliisimamisha, nikagusisha nyaya za betri ya gari kwenye koili sekunde chache, nikafungulia maji bila kuwasha taa yoyote. Volti zikapanda.

Kidhibiti mzigo usikibanie hela. Ukizima taa, chenyewe hupeleka umeme wa ziada kwenye hita. Kisipokuwepo, mashine inakimbia na volti zinapaa hadi kuunguza vitu.

Ninacholalamikia ni kiangazi. Turbini halisi huwa na namna ya kujirekebisha maji yakipungua, pampu haina. Kijito kikishuka kidogo tu umeme unaporomoka, na kikibaki nusu unaweza usipate chochote. Wapo wanaofunga pampu mbili, kubwa na ndogo, wakabadilisha kulingana na msimu. Mimi miezi hiyo natumia sola, na kama kijito chako hupungua sana kila mwaka, ningekushauri uanze na hiyo sola.