Skana za kupimia gari za umeme na haibridi: ipi ununue, ipi uiache hapo hapo Kariakoo

Wakuu, siku hizi kila anayeshusha Aqua au Prius (haibridi, yaani enjini na umeme pamoja) au Leaf (umeme mtupu) yake bandarini anaishia kuuliza swali lilelile, ninunue mashine gani ya kupimia. Na dukani Kariakoo anapewa jibu lilelile, "chukua hii bosi, inasoma gari zote". Hamna mashine inayosoma gari zote, tuanzie hapo. Nawapangia kuanzia ile ninayoweza kumwambia mdogo wangu anunue kesho mpaka ile ambayo bora hiyo hela ukalipie LUKU, ila kwanza tuelewane kitu kimoja, maana usipokielewa utapigwa tu hata ukiwa na hela nyingi.

Ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, OBD2, Marekani waliifanya ya lazima kwa gari za kuanzia 1996 na shida yao kubwa ilikuwa moshi. Kwa hiyo namba za kosa ambazo kila skana inazijua ni za enjini na mambo ya moshi. Sasa Leaf haina moshi wala enjini, unachomeka skana ya kawaida inakuambia gari safi haina kosa lolote, huku kwenye dashibodi taa zimewaka na gari haitaki hata kuingia gia. Vitu unavyovitaka wewe, volti ya kila seli, joto la betri, afya ya betri, inveta (inayogeuza umeme wa betri kwenda kwenye injini ya umeme), chaja ya ndani, vyote vinaongelewa kwa lugha ya kiwanda, Nissan ana yake, Toyota ana yake, BYD ana yake. Ndo maana nasema unachonunua ni programu inayoijua gari yako, hicho kidude cha kuchomeka kazi yake ni kupitisha data tu.

Na kabla hata ya skana, nunua malti mita (kipima volti). Sitanii. Gari za umeme na haibridi zina betri kubwa sawa, lakini kompyuta zote zinaamshwa na ile betri ndogo ya volti 12, na ikichoka gari inatoa namba za kosa kibao za ajabu ajabu, mara breki, mara usukani, mara hakuna mawasiliano na kompyuta fulani, unaenda gereji unaambiwa inveta imekufa. Pima betri ndogo gari ikiwa imelala, volti 12.6 hivi iko poa, ikiwa chini ya 12 anza na hiyo kabla hujamsikiliza mtu yeyote. Washa gari mpaka iseme tayari kuondoka, upime tena, ikipanda 13 na kitu au 14 maana yake kuchajiwa inachajiwa. Mita yenyewe iwe imeandikwa CAT III 1000V (daraja la usalama kwa umeme mkubwa) na iwe ya kampuni inayoeleweka, sio zile za njano za bei ya soda.

Haya sasa orodha.

Namba 1, na kwa mwenye gari wa kawaida hapa ndo mwisho wa safari: adapta nzuri ya Bluetooth (ndo kile kidude cha kuchomeka) pamoja na apu ya gari yako. Adapta nzuri ni kama OBDLink (MX+ ndo ya juu, inazidi dola 100, LX iko chini yake ila haiingiliani na iPhone), ukitaka nafuu zaidi Vgate iCar Pro au Veepeak za Bluetooth 4.0 zinapiga kazi. Mwenye iPhone asikilize vizuri, ukiacha MX+, adapta za Bluetooth ya zamani hazitakubali kwenye simu yako, tafuta iliyoandikwa BLE (ndo Bluetooth mpya) au 4.0 au ya waifai, nimeona watu wanagombana na muuzaji kumbe simu ndo haikubali.

Apu ndo kwenye utamu. Kwa Leaf ni LeafSpy, hamna mjadala, Pro yake ni dola ishirini hivi na inasoma mpaka namba za kosa na kuzifuta. Ukiingia ukurasa wa seli unaona vijiti 96 vimesimama vimepangana, kwa sababu betri ya kWh 24 ina seli 192 zilizounganishwa mbilimbili. Kwenye betri yenye afya vijiti vinalingana, tofauti ya aliye juu na aliye chini ni milivolti 10 au 20 hivi. Ila usidanganyike ukaangalia gari ikiwa imejaa chaji, hapo hata betri mbovu inapendeza. Izungushe mpaka chaji ibaki asilimia 20 hivi, mwenzio akanyage mpaka mwisho barabara ikiwa wazi na wewe macho kwenye simu, ndo utaona kijiti kimoja kinashuka peke yake wenzie wamebaki juu, tofauti inaruka mpaka milivolti mia na kitu. Hiyo ni seli iliyochoka, na gari itakuzimia kwenye mlima wa Kimara huku dashibodi inakuambia bado una kilomita za kutosha.

LeafSpy hiyo hiyo inakupa SOH, yaani betri imebaki asilimia ngapi ya upya wake, na idadi ya mara ilizopigwa chaji ya haraka. Dashibodi ya Leaf ina vijiti 12 vya afya, cha kwanza kinaanguka SOH ikifika kwenye 85 hivi, vinavyofuata kila kimoja ni asilimia sita hivi. Na betri ya Leaf hizi za vizazi viwili vya kwanza haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, inajipoza kwa hewa ya nje tu, kwa joto letu hili la Januari Februari piga hesabu mwenyewe. Kuna wauzaji wanaresetisha kompyuta ya betri, vijiti vyote 12 vinarudi na SOH inapanda, baada ya muda inaanza kuporomoka. Leaf ya 2012 ukiikuta na vijiti 12 vyote usishangilie, fanya lile zoezi la kuishusha chaji, volti za seli hazina namna ya kuchakachuliwa kwa staili hiyo.

Kwa Prius, Aqua, Harrier haibridi na Crown haibridi ni Dr. Prius au Hybrid Assistant, hii ya pili ni Android tu. Betri ya Prius ya kizazi cha tatu ina moduli (mafungu ya seli) 28 za volti 7.2, kompyuta inazisoma mbilimbili kwa hiyo unaona bloku 14. Aqua ya kizazi cha kwanza ina moduli 20. Kanuni ni ileile, gari ikivuta mzigo bloku zote zishuke pamoja na zipande pamoja, ikitokea moja inaachana na wenzie kwa zaidi ya volti moja hiyo ndo mgonjwa.

Jamaa mmoja wa Tabata ana Prius, taa imewaka, gereji moja wakamwambia betri ya haibridi imekwisha atafute milioni kadhaa. Tukachomeka adapta, namba ni P0A82, hiyo ni feni ya kupooza betri, sio betri. Ile ya betri ni P0A80. Ukiangalia tundu la hewa pembeni ya kiti cha nyuma limejaa vumbi na manyoya ya ule mkeka wa gari, feni imezibwa na uchafu mpaka haizunguki vizuri. Ilisafishwa, bloku zikapimwa ziko sawa, gari ipo barabarani. Barabara zetu za ndani zinajulikana, kama una haibridi hilo tundu liangalie kila sevisi.

Kama gari yako sio Nissan wala Toyota jaribu kwanza Car Scanner ELM OBD2, ina profaili za gari nyingi sana za umeme, chagua profaili ya gari yako usiache ile ya jumla. Na kwa haibridi ina kipengele kizuri cha umbali tangu namba za kosa zifutwe. Unaenda kukagua Aqua Mwenge, muuzaji anaapa gari haijawahi kuwasha taa, unasoma pale kilomita 4, basi ujue imefutwa asubuhi hiyo unakuja.

Namba 2, kwa fundi au mwenye Toyota asiyeogopa laptopu: Techstream. Hii ndo programu ya Toyota wenyewe, inapatikana kwa kulipia kwenye mtandao wao, na kwa kebo zile za Mini VCI za mtaani watu wanatumia matoleo ya zamani. Kwa nini iko juu hivi? Kwa sababu ya namba ndogo zinazokaa chini ya namba kubwa. Mfano P0AA6 maana yake umeme mkubwa unavuja kwenda kwenye bodi ya gari, skana ya kawaida inakuachia hapo, sasa unavuja wapi, kwenye betri, kwenye injini ya umeme, kwenye kompresa ya AC? Techstream inakupa na tarakimu tatu za ziada zinazokuambia uanzie upande gani. Pia unaweza kuamuru vitu kutoka kwenye laptopu, washa feni ya betri spidi ya 1 mpaka ya 6 usikie mwenyewe, washa pampu ya maji ya inveta uone maji yanatembea. Na kutoa hewa kwenye breki za haibridi kunataka programu, ukifanya kwa kupampu pedeli kama Corolla ya zamani utaongeza tatizo. Ubaya wake, hizo kebo za mtaani ubahatishaji ni mwingi, na ile CD inayokuja nayo usiiweke kwenye laptopu yenye mambo yako ya benki, tafuta laptopu kuukuu ya kazi hiyo tu. Kwa Toyota mpya mpya pia wameshahamia programu nyingine, GTS+, hivyo Techstream ya zamani haitakufikisha huko.

Namba 3, tableti kubwa za Launch na Autel. Kwa uwezo hizi zingekuwa namba 1, nimeziweka hapa kwa sababu ya hela. Bei zinaanzia dola mia kadhaa mpaka maelfu, na zile za gari za umeme hasa, kama Autel MS909EV, zinakuja na boksi na kebo za kuongea na betri ikiwa imeshushwa kwenye gari. Launch anazijua gari za Kichina vizuri, kwa hiyo gereji inayotegemea kupokea BYD na wenzie iangalie huko. Ila soma haya kabla hujatuma muamala: apdeti ni za kulipia kila mwaka baada ya muda wa bure kuisha, na kuna mashine zilizofungiwa soko la nchi nyingine ambazo zinauzwa bei ya kutupa, unafika nayo gereji inakataa kujisajili. Muulize muuzaji aiwashe mbele yako, iunganishe waifai, ionyeshe tarehe ya mwisho ya lisensi, na hakikisha kwenye menyu kuna chaguo la gari za soko la Japani, maana hizi zetu nyingi ni za huko. Kama hupimi gari kila siku hiyo hela hairudi, tafuta gereji yenye nayo uwalipe wakupimie.

Namba 4, adapta za ELM327 za bei chee. Hizi ndo zimejaa kila kona, makumi ya elfu tu unaondoka nayo. ELM327 ya ukweli ilikuwa chipu ya Elm Electronics wa Kanada, walishafunga biashara 2022, na hawakuwahi kutoa kitu kinachoitwa v1.5, kwa hiyo hiyo v1.5 iliyoandikwa kwenye boksi ni jina la mtaani. Zipo zinazofanya kazi vizuri tu, tatizo ni kubahatisha. Zile zilizoandikwa v2.1 nyingi zimepunguzwa amri, zinasoma mzunguko wa enjini ya Vitz bila shida ila ukiziingiza LeafSpy zinakatakata au hazioni seli kabisa. Kuna apu ya Android inaitwa ELM327 Identifier, ichomeke kwenye gari yoyote hapo nje ya duka, iendeshe, inaorodhesha amri zinazokubali na zisizokubali. Muuzaji akikukatalia kujaribu, ondoka, Msimbazi ina maduka mengi.

Namba 5, vile visoma kosa vya mkononi vyenye kioo kidogo na waya. Kwa Vitz na Noah sawa. Kwa gari ya umeme usinunue.

Mwenye Tesla, na wapo wachache, asikimbilie kununua chochote, kwenye kioo cha gari yenyewe kuna sevisi modi inayoonyesha makosa na vipimo vingi.

Vitu vya kutumia hicho ulichonunua: ukisoma namba ya kosa usiifute kwanza, piga picha skrini pamoja na ile taarifa ya hali ya gari wakati kosa linatokea, ukishafuta fundi atakayekuja anabaki kukisia. Waya wa rangi ya chungwa usiguswe na mtu ambaye hajafunzwa, Leaf inabeba volti zaidi ya 350 na Prius kuanzia 200, hata ukishachomoa pini ya usalama (inayokata umeme wa betri kubwa) unasubiri dakika 10 kapasita zimalize umeme wake, na glovu ni za Class 0 (za mpira za kuzuia umeme) sio za bustani. Na ukimaliza kupima chomoa adapta, maana ile soketi ina umeme muda wote hata gari ikizimwa na betri ndogo itaisha taratibu gari ikilala siku kadhaa, halafu nyingi PIN yake ni 1234, yeyote aliyepaki jirani anaweza kuiunga.