Slaidi, bawaba au luva: dirisha gani kwa nyumba ya Tanga?

Haya, karibuni tena jamani. Mezani hapa kuna madirisha matatu: slaidi ya aluminiamu, la bawaba linalofunguka nje, na luva, lile la vipande vya vioo vilivyopangwa kimlalo. Mnaojenga Sahare, Mwambani na Raskazone swali lenu huwa ni lipi linapendeza. Ukiwa jirani na bahari, kupendeza kuje mwisho kabisa. Kwanza upepo, halafu chumvi.

Chukua tundu la mita 1.5 kwa 1.5, lile la futi tano kwa tano. Slaidi ya vipande viwili, hata uisukume mpaka igonge fremu, nusu imeziba. Katika mita za mraba 2.25 unabaki na kama 1.1. La bawaba linafunguka karibu lote, tena kipande kilichosimama wazi hunasa upepo unaopita kando ya ukuta na kuusukuma chumbani. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, inatoka kusini na kusini-mashariki. Vyumba vya kulala vya upande huo wekeni bawaba, na muache tundu la kutokea hewa ukuta wa pili. Bila hilo, upepo unaishia dirishani.

Bawaba nayo ina masharti. Kipande kisizidi upana wa sentimita 60. Kikizidi, uzito unavuta ile mikono ya juu na chini, kinalala, halafu komeo halikutani na tundu lake. Na kwa kuwa linafunguka nje, nondo zinakaa ndani. Amueni nondo kabla ya dirisha, maana mkono lazima upite kuifikia komeo, na wavu wa mbu nao unatafuta nafasi hapo hapo. Kwenye slaidi jambo hili ni jepesi: agizeni fremu ya reli tatu, ya tatu iwe ya wavu.

Sasa sogeeni mtazame reli ya chini ya hii slaidi. Mnaviona hivi vitundu viwili upande wa nje? Vinatoa maji ya mvua. Fundi asiye makini anaviziba kwa silikoni au plasta, masika ikifika reli inajaa kama beseni na maji yanamwagikia ndani. Mtu anailaumu raba, anabadilisha raba, maji yako pale pale. Mwageni kikombe cha maji kwenye reli kabla hamjamlipa. Yasipotoka nje, kazi haijaisha.

Skrubu ndizo zinazodharauliwa kuliko vyote. Nina sumaku hapa. Hii... imenasa kwa nguvu, kwa hiyo ni chuma kilichopakwa zinki. Chuma kikigusana na aluminiamu, kukiwa na unyevu wa chumvi, vinakulana: skrubu inashika kutu, na zinki ikishaisha, aluminiamu inayoizunguka inatoa unga mweupe na tundu linalegea. Hii nyingine sumaku haiing'ang'anii. Hiyo ni stenlesi, na ndiyo ya kununua, pamoja na mikono ya bawaba. Kwa wanaojenga Pongwe, mbali kidogo na bahari, chumvi imepungua, lakini tofauti ya bei ya skrubu haina maana ya kubania.

Vipimo: upana pimeni juu, katikati na chini, urefu vivyo hivyo. Shikeni kipimo kidogo kuliko vyote, toeni milimita 10, ndiyo saizi ya fremu. Pimeni na pembe kwa pembe. Zikitofautiana sana, tundu limepinda, linyooshwe kwa plasta kwanza. Fremu iingie baada ya plasta, si kabla. Saruji mbichi inaunguza aluminiamu na kuacha madoa yasiyofutika, kwa hiyo ile karatasi ya plastiki inayofunika fremu msiibandue mpaka rangi ya ukuta iishe.

Luva inaingiza hewa vizuri sana, ila haizibi mvua ya upepo, na vioo vyake vinachomoka kirahisi kwa mwizi. Chooni na jikoni, juu juu, inatosha.

Bawaba huwa na gharama zaidi kwa sababu ya vifaa vyake. Fedha ikibana, sebule iliyo nyuma ya baraza ipate slaidi, na bawaba mziweke vyumba vya kulala vinavyotazama kusi.