Kulala Mji Mkongwe au Nungwi?
Mgeni anayetaka kuujua Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ama hulala humo humo, ama hulala Nungwi, kaskazini kabisa mwa Unguja, akaja mjini kwa siku moja. Kwa ufukwe, Nungwi haina mshindani. Lakini mgeni wa siku moja huliona kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kisha huondoka kabla Forodhani, bustani ya vyakula vya jioni, hakujawashwa taa, mishikaki haijapata moto na muuza urojo hajajaza bakuli la kwanza. Aliyelala mjini huamshwa na adhana ya alfajiri, akapita vichochoroni kwa utulivu, akiitazama milango ya nakshi yenye njumu za shaba. Ningelala mjini kwanza. Nungwi ningeifuata baadaye.