Buffalo kwenye Bonde la Kerio: imara sakafuni, dhaifu kwenye ukuta

Kwa sakafu ya Bonde la Kerio, magharibi mwa Kenya, tuseme kutoka Biretwo kwenda kusini hadi Kimwarer, baiskeli ya Buffalo inazishinda karibu baiskeli zote utakazozikuta madukani. Kwa kuta za bonde, yaani kushuka kutoka Iten au kupanda Kabarnet, siipendekezi mpaka ifanyiwe matayarisho, na hata ikishatayarishwa ina mipaka. Hukumu hizo mbili zina chanzo kimoja: baiskeli hii iliundwa kwa ajili ya mzigo na njia mbovu za mashambani. Ukuta wa mita 1,200 ni kazi nyingine.

Asili yake inaeleza mengi. Shirika la hisani la World Bicycle Relief lilianza mwaka 2005, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, likigawa baiskeli za kazi. Buffalo ilizaliwa humo: fremu nzito ya chuma, keria inayobeba kilo 100, tairi nene za inchi 26, gia moja, na breki iliyo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ambayo hushika ukirudisha pedeli nyuma. Yenyewe ina uzito wa kilo 23 hivi. Wanaoitumia ni wanafunzi, wahudumu wa afya, na wafugaji wanaopeleka maziwa sokoni. Hakuna aliyewaahidi kwamba itawashusha kutoka Iten.

Nianze na breki, kwa sababu ndiyo inayoweza kuumiza mtu.

Iten iko kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara ya lami inateremka ikipinda na kurudi, inapita Tambach, inafika Biretwo, kisha inavuka mto Kerio kwenye korongo la Cheploch, ambako kimo ni karibu mita 1,200. Chukua mwendeshaji wa kilo 70, baiskeli ya kilo 23 na mzigo wa kilo 20: jumla kilo 113. Kuishusha mita 1,200 kunatoa kilojuli 1,330 hivi za nishati, joto la kutosha kuchemsha lita 4 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Upepo huchukua sehemu yake ukiwa unakimbia, lakini kwenye kona kali huwezi kuiachia baiskeli ikimbie, na huko joto lote linaishia kwenye habu moja ndogo.

Ndani ya habu hiyo mna vipande vya chuma vinavyotanuka na kusugua ukuta wa ndani. Vinahitaji grisi ili vishike taratibu bila kukwaruza. Joto likizidi, grisi ya kawaida huyeyuka na kutoka kupitia kwenye beringi. Dalili ya kwanza ni harufu ya mafuta yanayoungua. Ya pili ni moshi mwembamba. Ya tatu ni breki inayolia na kushika kwa kushtuka, gurudumu likifunga ghafla kwenye changarawe. Kufikia hapo, kuendelea kushuka ni kucheza na maisha.

Matayarisho ni haya. Mpe fundi habu aifungue, aisafishe kwa mafuta ya taa, akague vipande vya breki, kisha apake grisi inayostahimili joto kali, ile ya beringi za magurudumu ya gari. Kiasi kinachojaa kijiko kimoja cha chai kinatosha. Ikizidi itatoka tu. Halafu kagua mkono wa breki, kile kipande bapa cha chuma kinachotoka ubavuni mwa habu na kufungwa kwenye fremu kwa kibanio na nati. Nati hiyo ikilegea, mkono huzunguka pamoja na gurudumu, hujipinda na breki hupotea papo hapo. Weka nati yenye nailoni ndani, na uiguse kwa kidole kila asubuhi. Mnyororo nao uwe umekaza vizuri: ukiubonyeza katikati uchezecheze sentimita 1 hadi 1.5, si zaidi. Kwenye baiskeli hii mnyororo ukichomoka, breki imeondoka nao.

La mwisho ndilo muhimu kuliko yote: ongeza breki ya mbele. Angalia kama uma, yaani vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele, una tundu pale juu ya gurudumu. Likiwepo, fundi anaweza kufunga breki ya koleo yenye mikono mirefu inayoizunguka tairi nene. Kama hakuna tundu, usikubali litobolewe, kwa sababu uma uliodhoofishwa huvunjika palepale unapoutegemea. Katika hali hiyo, safirisha baiskeli kwa gari mpaka Biretwo uanzie huko. Ukishuka na breki mbili, tumia ya mbele na ya nyuma kwa zamu, simama Kessup na tena Tambach, dakika 15 kila mahali. Usimwagie habu maji ili ipoe upesi, maana maji huingia kwenye beringi na kuifukuza grisi iliyobaki.

Sasa kupanda. Hesabu meno ya gia ya mbele na ya nyuma kabla hujaahidi mtu saa ya kufika. Tuseme mbele ni 44 na nyuma 20: kila mzunguko wa pedeli unakusogeza mita 4.6 hivi. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, ukikanyaga mizunguko 40 tu kwa dakika, kilo zako 113 zitadai wati 300. Mtu mwenye afya njema anayeendesha kila wiki hutoa kama 150 kwa saa nzima. Kwa hiyo utashuka usukume, na kusukuma kilo 43 za baiskeli na mzigo kutoka mtoni hadi Kabarnet, iliyo kwenye mita 2,000 hivi, kunakula nusu siku. Fundi anaweza kukuwekea gia ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Inasaidia kwenye vilima vidogo vya sakafuni, wala haifuti hesabu ya ukutani. Mwaka 2023 ilitoka Buffalo mpya iitwayo Utility S2, yenye gia mbili na minyororo miwili, ambayo hubadili gia ukirudisha pedeli nyuma kidogo. Ni wazo zuri sana kwa mashambani kwa sababu haina waya wa gia wa kukatika. Hata hivyo, ukipunguza mzigo wa mguu kwa thuluthi moja bado unadaiwa wati 200, na ukuta unabaki kuwa ukuta.

Linganisha na baiskeli ya milimani ya mtumba yenye meno 22 mbele na 34 nyuma. Mzunguko mmoja ni mita 1.3, ukikanyaga mara 60 kwa dakika unapanda polepole kwa wati 130. Huko ndiko kupanda kwa kuketi. Kwa safari ya kuvuka bonde zima, Iten hadi Kabarnet, hiyo ndiyo ningeinunua, lakini kwa macho makali. Chagua yenye uma usio na springi; springi za bei rahisi zikishachakaa ni uzito tu. Pima mnyororo kwa rula: pingili 12 kamili ziwe milimita 305, na zikifika 308 badilisha mnyororo pamoja na gia za nyuma. Zungusha gurudumu la nyuma uangalie ekseli isiyumbe. Habu za zamani ambazo seti ya gia husokotwa juu yake zina beringi ya kulia iliyo mbali na fremu, kwa hiyo ekseli hubeba mzigo bila kuegemea kitu na hukatika upande huo. Habu ya kaseti, ile ambayo gia huchomekwa juu yake badala ya kusokotwa, haina ugonjwa huo. Kwenye rimu, pitisha ukucha panaposugua breki. Ukihisi bonde lililochimbika, rimu imeliwa na inaweza kupasuka kwenye joto la mteremko. Beba pedi 4 mpya za breki.

Buffalo hulipa kisasi sakafuni. Kutoka Biretwo kwenda Emsea na Kimwarer kuna njia za changarawe, mchanga, na makorongo makavu yanayokatiza barabara. Hapo baiskeli ya mtumba hulegea nati, keria yake ya aluminiamu hupata ufa, na ikiangukia upande wa kulia kile kishikio cha mashine ya gia hupinda, kisha gia huingia kwenye spoku. Buffalo hupita tu. Mnyororo wake mpana na spoku zake nene ni vitu ambavyo fundi wa kijijini anavijua, na mtu yeyote mwenye spana mbili anaweza kuirekebisha chini ya mwembe.

Adui mkubwa wa sakafuni ni miiba ya mgunga. Tairi nene hupunguza tatizo bila kulimaliza. Jaza upepo wa psi 40; ukijaza chini ya 30 na mzigo, rimu huibana tyubu na kuitoboa matundu mawili kama ya nyoka. Kila unaposimama, pitisha kiganja kilichovaa kitambaa juu ya tairi uondoe miiba ambayo bado haijazama. Beba tyubu 2, viraka 8, na soluti (gundi ya viraka) isiyofunguliwa, kwa sababu iliyofunguliwa hukauka kwenye joto la huko, ambalo hupita nyuzi 30 mchana. Hakikisha pampu inaingia kwenye vali yako kabla ya kuondoka nyumbani.

Mzigo usizidi kilo 20 hata kama keria inaruhusu mara tano yake. Ukirundika vyote nyuma, gurudumu la mbele hunyanyuka kwenye mwinuko na usukani hautii. Maji, lita 5 kwa siku, yafunge ndani ya pembetatu ya fremu kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Hushika kuliko kamba yoyote ya dukani.

Nenda Desemba hadi Februari. Mvua za Aprili na Mei, na zile za Novemba, hufanya vijito kujaa ghafla, na upande wa Marakwet ardhi huporomoka kweli: mwaka 2025 Chesongoch ilipoteza watu. Kaskazini kuelekea Tot, kwenye ile mifereji ya umwagiliaji ya Wamarakwet iliyochimbwa karne nyingi zilizopita, panavutia sana, ila wizi wa mifugo umewahi kuzua mapigano huko. Uliza kwa chifu au kituo cha polisi siku hiyo hiyo, si wiki iliyotangulia. Karibu na hifadhi ya Rimoi kuna ndovu. Uwe umefika unakolala kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Na kwa kurudi Iten ukiwa na Buffalo, tumia matatu kutoka Biretwo. Patana bei ya baiskeli kabla haijapandishwa juu, ilaze mnyororo ukitazama angani, funga fremu na gurudumu la nyuma kwenye vyuma vya paa, na utoe mizigo yote kwenye keria, maana zile kona huirusha.