Roma au Bologna: wanafunzi waanzie wapi kuijua Italia?

Wengi watakwambia Roma tu, na kweli Roma ina vitu, Colosseum ule uwanja wa kale, Pantheon lile hekalu la kale, Vatikani iko hapohapo, halafu kwa mambo ya siasa kuna Palazzo Montecitorio wanapokaa wabunge na Palazzo Madama ya maseneta, unawasimamisha wanafunzi pale nje unawaelezea vile kura ya maoni ya 2020 ilivyopunguza wabunge kutoka 630 hadi 400, somo linanoga kuliko darasani. Shida watalii aisee, foleni kila kona, mwanafunzi anaishia kupiga picha tu bila kuongea na mtu.

Bologna sasa ndo penyewe kwa vijana. Chuo kikuu chake kinahesabiwa kuanza 1088, wanafunzi wamejaa mitaani, na mnatembea chini ya zile baraza zenye paa kandokando ya mitaa ambazo zote pamoja ni kama kilomita 62, hata mvua inyeshe ziara haisimami, UNESCO wameziweka kwenye urithi wa dunia 2021. Msosi usiseme, tagliatelle (tambi pana) na ragù (mchuzi wa nyama) ndo kwao.

Ila kinachonigusa mimi ni stesheni ya treni. Saa ya nje imeachwa kwenye saa nne na dakika 25 asubuhi, muda ule bomu la kigaidi lilipolipuka tarehe 2 Agosti 1980 likaua watu 85. Hapo maswali ya siasa za Italia yanakuja yenyewe, mwalimu hahitaji kusukuma.

Kwa hiyo mimi ningeanza Bologna, wakishapazoea wapande treni ya kasi, ndani ya kama masaa mawili wako Roma.