Bolti za stendi ya kati zilinikatikia mara nne: uzoefu wangu na seti ya bushi na bolti

Mara ya nne bolti ilikatika tukiwa barabarani, mabegi yamejaa pande zote mbili na mke wangu amekaa nyuma. Tulikuwa tunaingia kona ya kushoto. Nikasikia chuma kinakwaruza lami, na gurudumu la nyuma likawa jepesi kwa muda mfupi sana, lakini muda huo ulitosha kunikausha mate. Nikanyoosha pikipiki, nikapunguza mwendo polepole, tukasimama salama. Nilipochungulia chini, stendi ya kati ilikuwa inaning'inia upande mmoja, imeshikwa na bolti ya kulia na springi. Tuliifunga juu kwa mkanda wa mizigo, tukarudi nyumbani taratibu.

Naeleza haya kabla ya kuisifia bidhaa yoyote, kwa sababu watu wengi huiona stendi ya kati, au dabo stendi kama wengine wanavyoiita, kuwa kifaa cha kuegeshea tu: ikiharibika, unatumia ya pembeni. Stendi iliyokatika upande mmoja haikai pale ilipo. Inashuka, na ikigusa barabara wakati pikipiki imelala kwenye kona inaweza kuinua gurudumu la nyuma. Ukiona imeanza kucheza, usisubiri safari iishe.

Pikipiki yangu ni ya safari ndefu, na ikiwa na mafuta na mizigo inakaribia kilo 300. Bolti ya kwanza ilipokatika nilidhani ni uchakavu wa kawaida. Nikanunua bolti ya kipenyo kilekile, milimita 10, nikafunga, nikaendelea na maisha. Ikadumu miezi michache. Ya pili nikaamua kwenda kwenye chuma kigumu zaidi, bolti yenye namba 12.9 kichwani, nikiamini nimemaliza kazi. Nayo ikakatika. Rafiki mmoja akanishauri chuma cha pua kwa kuwa hakishiki kutu, nikamsikiliza. Hiyo ndiyo iliyotuachia stendi barabarani.

Hapo ndipo nilipoketi chini na vipande vya bolti mkononi, nikaviangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa laini, ina mistari myembamba iliyopindana, kama alama ambazo maji huacha mchangani yanapokupwa. Kipande kidogo cha pembeni ndicho kilikuwa na chembechembe za chuma kilichoraruka. Maana yake bolti haikukatika kwa mzigo mmoja mkubwa. Ilikuwa inapindwa na kurudi, inapindwa na kurudi, ufa ukitembea kidogo kidogo, mpaka chuma kilichobaki kikashindwa. Na vipande vyote vilikuwa vimekatika mahali pamoja: kwenye uzi wa kwanza unaoingia kwenye nati, ambao siku zote hubeba mzigo mkubwa kuliko nyuzi nyingine.

Kwa hiyo swali likabadilika. Sikuhitaji tena kujua ni bolti gani ngumu zaidi. Nilihitaji kujua kwa nini inapindwa.

Kwenye pikipiki yangu kila mguu wa stendi una bomba fupi juu, na bomba hilo linaingia kati ya masikio mawili ya fremu. Ndani ya bomba kuna bushi, yaani kibomba chembamba cha chuma, na bolti inapita katikati ya bushi kisha inaingia kwenye nati iliyochomelewa kwenye sikio la ndani. Bushi inatakiwa kuwa ndefu kuliko bomba kwa sehemu ndogo ya milimita. Ukikaza bolti, masikio ya fremu yanaibana bushi, sio stendi. Stendi inabaki huru na inazunguka juu ya bushi iliyotulia. Bolti yenyewe haitakiwi kuwa ekseli. Kazi yake ni kubana, na ikibana sawasawa haipindiki.

Bushi zangu zilikuwa zimelika. Nilipozipima kwa venia, kile kipimio cha sehemu za milimita, ya kushoto ilikuwa fupi kuliko bomba kwa karibu nusu milimita, na upande mmoja ilikuwa imekuwa bapa. Nikakumbuka kwamba kila nilipokaza bolti vizuri, stendi ilikuwa nzito kushuka, nami nikailegeza kidogo ili itembee. Kule kulegeza ndiko kulikozikata bolti zote nne. Bolti iliyolegea inabeba uzito wote kwa kupindwa, na kila unapoinua pikipiki stendi inaivuta na kuizungusha.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini chuma kigumu hakikunisaidia. Namba 8.8 kichwani ina maana nguvu ya kuvutwa ya megapaskali 800, na 12.9 inafika 1,200, lakini bolti inayopindwa mara elfu kwenye nyuzi zake haipati faida inayolingana na tofauti hiyo. Ile ya chuma cha pua ilikuwa na alama A2-70, yaani 700, dhaifu kuliko hata bolti ya kawaida ya 8.8. Na kosa langu kubwa lilikuwa hili: zote nilizonunua zilikuwa na nyuzi mpaka kichwani. Bolti ya milimita 10 yenye mwili laini ina eneo la milimita za mraba 78 na ushee. Kwenye nyuzi linabaki 58 hivi. Nilikuwa nimeweka sehemu nyembamba kabisa ya bolti pale pale inapopindwa.

Seti niliyonunua haikuwa ya kiwanda kilichotengeneza pikipiki. Ndani kulikuwa na bushi mbili za chuma kilichokazwa kwa moto, bolti mbili za 10.9 zenye mwili laini unaopita bushi yote, washa nene, nati mbili za kujifunga za kuweka nyuma ya nati iliyochomelewa, na kichupa kidogo cha gundi ya nyuzi. Nilipopima bushi mpya zilizidi bomba kwa takriban milimita 0.3, kila moja. Hapo nikajua aliyeitengeneza seti hii anaijua shida yenyewe, hakuokoteza bolti tu na kuziweka kwenye mfuko.

Kazi ngumu ilikuwa kutoa kipande kilichobaki kwenye nati. Nilimwaga mafuta ya kupenya usiku kucha, asubuhi nikatoboa katikati kwa biti ya drili inayokata kinyume, ile inayozunguka kwa mkono wa kushoto. Faida yake ni kwamba wakati inatoboa inasukuma kipande kufunguka, na changu kilitoka kabla hata tundu halijafika mwisho. Piga alama ya katikati kwa uangalifu kabla ya kuanza. Biti ikikwepa ikala nyuzi za nati, kazi inakuwa ya fundi mwenye mashine.

Kuhusu springi, tafadhali vaa miwani. Ukiwa na msaidizi, shusha stendi mpaka mahali springi imevutika zaidi, kisha pachika washa nyembamba katikati ya mizunguko ya springi, moja baada ya nyingine. Ukirudisha stendi, springi inabaki ndefu na unaitoa kwa mkono bila kupigana nayo. Njia hiyo nimeipenda kuliko kuivuta kwa ndoano na bisibisi, ambapo mkono ukiteleza unaumia. Na hakikisha pikipiki imeshikiliwa na kitu kingine imara: mimi niliweka stendi ya gurudumu la nyuma na mikanda miwili kutoka juu.

Bushi ya kulia iliingia vizuri. Ya kushoto iligoma, kwa sababu bomba la stendi lilikuwa limeumuka ukingoni kwa kupigwa na bolti zilizolegea. Nililipiga msasa taratibu mpaka bushi ikapita kwa kusukumwa na kidole gumba. Kama tundu la bomba lako limekuwa yai, seti hii pekee haitoshi. Peleka stendi kwa fundi mkereza vyuma alipanue tundu na kutia bushi ya kipimo chake.

Nilipaka grisi ya kutosha nje ya bushi, ambako stendi inazunguka, na nikaziacha nyuzi kavu, zimesafishwa mafuta, ndipo nikatia gundi. Hapa seti inanikera. Karatasi ya maelekezo inasema tu "kaza vizuri". Vizuri kiasi gani? Kitabu cha pikipiki yangu kinataka Nm 45 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa bolti hizo, nami nikatumia spana ya torki, ile inayopima mkazo, kwa kipimo hicho. Mtu asiye na kitabu atakaza kwa kukisia, na kukisia ndiko kulikotuleta hapa. Watengenezaji wanapaswa kuandika namba. Nilikwangua pia rangi iliyokuwa chini ya vichwa vya bolti, maana rangi husagika kadiri siku zinavyokwenda na mkazo hupungua.

Baada ya kukaza, stendi ilishuka kwa uzito wake yenyewe, laini, bila kuchezacheza pembeni. Hicho ndicho kipimo ambacho ningemwomba kila mtu akifanye: bolti imekazwa kwa kipimo kamili na stendi bado inazunguka huru. Ikigoma, usilegeze bolti. Fungua, pima bushi.

Mambo mengine mawili niliyabadilisha pamoja na seti. Raba ambayo stendi inagonga inaporudi juu ilikuwa imekwisha, na stendi ilikuwa inatetemeka kwenye barabara mbovu, nikaweka mpya. Na tumeacha kupanda pikipiki ikiwa bado juu ya stendi ya kati. Zamani mimi na mke wangu tulikaa kwanza, ndipo niisukume mbele idondoke. Uzito wetu wote ulikuwa unapita kwenye bolti mbili wakati stendi inapinduka, na sioni tena sababu ya kuzifanyia hivyo.

Nimekwenda karibu kilomita 9,000 tangu nifunge seti hii, nyingi zikiwa na mizigo. Nilichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye fremu, nao haujasogea. Kero yangu ya pili ni kutu: bolti zilipakwa zinki nyembamba sana, na vichwa vimeanza kuwa vyekundu. Nimevipaka nta, ila kwa bidhaa ya chini ya pikipiki, mahali pa tope na maji, wangeweza kufanya zaidi. Ningependa pia bushi ziwe na tundu la kupitishia grisi kutoka nje, ili nisilazimike kufungua kila kitu.

Ningempa seti hii mtu ambaye bolti zake zimekatika zaidi ya mara moja na bomba la stendi yake bado ni duara. Kama ni mara ya kwanza na bushi zako zinapima sawa, huenda bolti mpya yenye mwili laini na mkazo sahihi vinakutosha.

Wiki iliyopita nilifungua upande wa kushoto kukagua. Bushi ina mng'ao mwepesi mahali stendi inapozunguka, grisi bado ipo, na bolti niliiviringisha juu ya kioo cha meza. Ilikwenda moja kwa moja mpaka ukingoni bila kuyumba. Nikaisafisha, nikatia gundi mpya, nikairudisha Nm 45.