TAHADHARI WADADA: Kalamu ya sindano na "seramu ya kliniki" pale Sinza

Jina la dada aliyenichoma sindano usoni siliandiki. Kaka kanikataza mpaka jalada lifunguliwe vizuri, na kwa hasira nilizonazo heri nimsikilize. Ila wengi mtamjua: fremu ya vioo Sinza, pazia la waridi, taa ya duara, video za "kabla na baada" kila jioni. Anajiita mtaalamu wa ngozi. Mtaalamu wa kuharibu sura za watu!

Sendofu ya mdogo wangu ilikuwa imekaribia, haraka ilitoka huko. Mashimo yangu ya chunusi mnayajua pia, nimetoka nayo sekondari. Wifi ndiye aliyenipeleka, na wifi uso wake ulikuwa umetoka safi, mlimwona wenyewe.

Basi nimelazwa kwenye kiti, uso umepakwa ganzi na kufunikwa nailoni, huyu dada anazunguka na koti jeupe na glavu. Na mdomo sasa! "Mamii, hii ni teknolojia ya dunia. Sindano ndogo ndogo zinafungua ngozi, dawa inaingia ndani kabisa, siyo kupaka juu juu. Gambia huko watoto wanachanjwa surua kwa stika yenye sindano hizihizi." Nikatoa simu palepale, nikatafuta. Kweli! Gambia walijaribu stika ya chanjo ya surua na rubella, hadi kwa watoto wa miezi 9, wanabandikwa mkononi dakika 5 tu, na matokeo yalitoka 2024 kwenye jarida kubwa la madaktari. Sasa niambieni, mtu kakwambia kitu, umekihakiki, umekuta ni kweli, ungemwita tapeli? Cheti kipo ukutani kina mhuri. Wifi amekaa pembeni anachati. Nani asingelala pale?

Akavuta droo. Akatoa kichwa cha kalamu, ile mashine ya kutoboa ngozi; kichwa ndicho chenye sindano, kiko kwenye karatasi yake. Karatasi imenyanyuka pembeni. Niliiona, nikauliza, "Hiki kipya?" Akacheka, "Mpenzi, mimi na vya kurudia wapi na wapi?" Akakichovya kwenye spiriti, na spiriti yenyewe iko kwenye glasi ya juisi. Akaweka kalamu kwenye milimita moja na nusu, ikaanza kulia. Kichupa cha seramu kilikuwa kidogo, kina kizibo cha mpira, kimebandikwa stika yake yenye picha ya ua juu ya maandishi mengine ambayo hayasomeki. Anadondoshea shavuni, anapitisha kalamu. Anadondoshea, anapitisha. Damu ikatoka juu ya mdomo, akaifuta kwa pamba, na pamba ileile ikahamia kwenye paji la uso. Laki moja na nusu hiyo. Na kabla sijashuka kwenye kiti kanipigia hesabu ya kalamu ya kwenda nayo nyumbani, elfu themanini, na kichupa cha pili "bure kwa sababu ya wifi".

Wekundu alinitahadharisha, sawa. Baadaye muwasho, baadaye vipele vya usaha, na chini yake vinundu vigumu kama punje za choroko, ukigusa unaruka. Nikamtumia picha. "Hiyo ni ngozi inatoa sumu, dia. Usiogope, pitisha tena kalamu na uongeze seramu." Nikapitisha kwa maelekezo yake ya maandishi, skrini shoti zote ninazo. Usiku ule jicho moja halikufunguka. Kumtumia tena, ananiambia kwa sauti, tena kwa dharau, kwamba ngozi yangu ni chafu na yeye hatibu watu wachafu. Kisha kanibloku. Maoni yangu kwenye video zake yanafutwa hata sijaweka simu chini. Sendofu nimehudhuria na mtandio hadi puani, shangazi zangu wanauliza kama nimesilimu.

Daktari wa ngozi hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza jambo moja tu: juu ya ngozi kilipakwa nini? Kichupa nilikuwa nacho. Akakigeuza: hakina namba ya toleo, hakina tarehe, hakina kiwanda. Akanieleza kwamba kinachotukinga ni tabaka la juu la ngozi, jembamba kuliko unywele. Seramu za dukani zimetengenezwa zikae juu ya tabaka hilo. Sindano ya milimita moja na nusu inalipita na kufika kwenye mishipa ya damu, kwa hiyo chochote kilichomo kichupani, manukato, vihifadhi, bakteria, kinaingizwa mahali ambapo hakikupaswa kufika. Mwili unakizingira, ndiyo vile vinundu. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walishaandika kuhusu wanawake waliopata vinundu usoni baada ya sindano hizi, na wengine wao walikuwa wamepakwa seramu ya vitamini C, kipodozi ambacho wote tunacho mezani. Ile stika ya Gambia ni chanjo yenyewe iliyokaushwa kwenye ncha, imetengenezwa kwa vipimo ili iingie mwilini, na ikishatumika imetumika. Yule dada alichukua sifa za kitu kimoja akaniuzia kingine.

Halafu daktari akasema twende maabara. VVU, homa ya ini B na C. Jamani. Mimi niliyekwenda kwa ajili ya vishimo vya chunusi! Dawa za kinga ya VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na mimi nilikuwa nimeshazipita nikisubiri "sumu itoke". Kipimo cha kwanza kiko salama, cha kurudia ni baada ya miezi mitatu. Mume wangu nilimweleza vipi, hilo libaki chumbani.

Msidhani daktari alinitisha. Marekani, jimbo la New Mexico, kulikuwa na saluni ya "vampire facial", wanakutoa damu, wanairudisha usoni kwa sindano hizihizi. Ilifungwa 2018. Wakaguzi walikuta mirija ya damu isiyo na lebo imehifadhiwa friji moja na chakula, na wateja walipata VVU. Mwenye saluni hakuwa na leseni, alikiri mahakamani, akafungwa miaka 3 na nusu. Na huyu wetu afungwe! Afungwe na ile taa yake ya duara. Tena kabla ya kufungwa akae kiti kile, apakwe seramu yake mwenyewe, kwa kichwa cha kutoka droo yake mwenyewe, tuone kama naye ngozi yake itatoa sumu. Anapiga watu laki na nusu kisha anakuja kwenye status na aya za subira? Hapana, safari hii hapiti.

Haya, za kuangalia, maana mnaniuliza. Kichwa cha sindano kifunguliwe mbele ya macho yako, kikitumika kitupwe. Kichupa chenye stika juu ya stika, inuka uondoke. Mwulize leseni ya kutibu, siyo ya biashara. Hizo kalamu za kwenda nazo nyumbani achaneni nazo, hata Marekani mamlaka yao ya dawa haijaruhusu kifaa cha namna hii kiuzwe mtu akajichome mwenyewe. Na sikilizeni mdomo wake: kwenye kiti ilikuwa "dawa inaingia ndani", kaka alipompigia ikawa "kaka, hicho ni kipodozi tu". Ujanja wake ndio huo, maana dawa na vifaa tiba viko TMDA, mamlaka ya dawa, na vipodozi viko TBS, shirika la viwango, anategemea uzunguke hadi uchoke. Mimi nimeandika barua kote kuwili na kichupa nimekihifadhi.

Aliyefanyiwa pale, hata kama uso umependeza kama wa wifi, akapime. Kama ni jana au juzi, nenda hospitali leo, saa 72 hazingoji. Na mwenye zile video za zamani ambapo kichupa na droo vinaonekana, anitumie inboksi haraka, keshaanza kuzifuta na mpelelezi anazitaka.